Barua ya wazi kuhusu Jiografia ya shule ya msingi: ramani ianzie uwanjani

Kwa:
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia
TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa)
Taasisi ya Elimu Tanzania
Baraza la Mitihani la Tanzania

Waheshimiwa,

YAH: UFUNDISHAJI WA JIOGRAFIA NA MAZINGIRA KWA VITENDO, DARASA LA TATU HADI LA SITA

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni walimu na wakufunzi wa Jiografia. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umelitoa somo letu ndani ya Maarifa ya Jamii na kulipa nafasi yake lenyewe, Jiografia na Mazingira, kuanzia Darasa la Tatu. Uamuzi huo tunaupokea kwa mikono miwili. Hata hivyo, kinachofanyika darasani bado ni kile kile: mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, wanakariri, wanachagua A, B, C au D. Mtoto anayemaliza shule ya msingi atakutajia bila kusita kwamba Kilimanjaro una mita 5,895 na Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Mtoe nje, mwambie aoneshe kaskazini, na anaweza kunyoosha kidole kuelekea angani, kwa kuwa kwenye ramani ya ukutani kaskazini iko juu, karibu na paa.

Tunachoomba ni kwamba Jiografia ya shule ya msingi ianzie kwenye ardhi ya shule yenyewe. Mtoto aipime, aichore, aiwekee kumbukumbu, ndipo aende kwenye kata, mkoa, nchi na dunia. Na ratiba, vifaa na mitihani viache nafasi ya kufanya hivyo. Tutazieleza kazi zenyewe kwa vipimo vyake, kwa sababu agizo la "tumieni mbinu shirikishi" limetolewa mara nyingi bila kumwambia mwalimu mwenye watoto 80 afanye nini, saa ngapi, kwa kamba ya urefu gani.

Tuanze na pande za dunia, maana hapo ndipo makosa mengine yote yanapozaliwa. Kanuni inayofundishwa ni hii: nyoosha mkono wa kulia linakochomoza jua, huko ni mashariki, na mbele yako ni kaskazini. Kanuni hiyo ni sahihi siku chache tu, karibu na Machi 21 na Septemba 23. Mwishoni mwa Juni jua linachomoza takriban nyuzi 23 kaskazini ya mashariki halisi. Mwishoni mwa Desemba linachomoza nyuzi hizo hizo kusini yake. Darasa lililoweka alama ya mashariki mwezi Juni na kuirudia Desemba litakuta alama mbili zimeachana kwa zaidi ya nyuzi 40, na mwalimu asiyejua sababu atasema watoto wamekosea. Kwa vitendo, anayefuata mashariki ya Juni kwa kilomita 1 atakuwa amepotoka karibu mita 400.

Njia iliyo sahihi haihitaji dira ya kununua. Inataka kigingi kilichonyooka chenye sentimita 50 juu ya ardhi, kamba ya mita 1, misumari michache na siku yenye jua. Chagueni sehemu tambarare ya uwanja. Mwageni maji kidogo, yakikimbilia upande mmoja hameni. Kigingi kisimame wima, kipimwe kwa timazi: uzi uliofungwa jiwe dogo, ukaguliwe kutoka pande mbili. Chora maduara matatu yenye kitovu kwenye kigingi, la sentimita 30, la 40 na la 50 kutoka kitovuni hadi ukingoni. Kuanzia saa 3 asubuhi kundi moja liangalie ncha ya kivuli. Kila inapogusa duara wakati kivuli kinafupika, wapigilie msumari. Mchana kivuli kinaporefuka tena na kugusa duara lile lile, wapigilie msumari wa pili. Mstari unaounganisha misumari miwili ya duara moja ndio mashariki na magharibi, na msumari wa asubuhi ndio ulio upande wa magharibi. Ukikata mstari huo katikati na kuunganisha na kigingi, umepata kaskazini na kusini.

Maduara matatu yana sababu yake. Wingu likipita wakati kivuli kinagusa duara moja, mawili yanabaki. Pia mwezi Juni, huko Songea, kivuli kifupi kabisa cha kigingi hicho ni takriban sentimita 34, hivyo duara la sentimita 30 halitaguswa siku nzima. Mwalimu aliyechora duara hilo peke yake atadhani njia yenyewe haifanyi kazi. Walimu wengine hutumia mlingoti wa bendera kwa kuwa upo tayari. Hapana. Mlingoti ukiwa mrefu, ukungu wa ncha ya kivuli, yaani sehemu isiyo giza wala mwanga kamili, nao unapanuka hadi sentimita kadhaa, na watoto wanaanza kubishana ncha iko wapi. Kwa kigingi cha nusu mita ukungu ni mdogo. Wekeni alama katikati yake.

Hapo hapo lipo jambo la pili ambalo vitabu vinapaswa kulisema wazi. Kivuli kifupi kabisa hakitokei saa 6 kamili mchana mahali popote Tanzania Bara. Saa yetu inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na mstari huo uko nje ya nchi yetu, baharini. Kila nyuzi moja kuelekea magharibi huchelewesha jua kwa dakika 4. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 39 na robo, jua hufika kilele kwa wastani saa 6 na dakika 23. Dodoma ni karibu saa 6 na dakika 37, Mwanza saa 6 na dakika 48, na Kigoma ni kama saa 7 na dakika 1. Huo ni wastani, kwani mapema Novemba jua hutangulia kwa takriban dakika 16 na katikati ya Februari huchelewa kwa takriban dakika 14. Mwalimu wa Kigoma aliyeambiwa apime kivuli saa 6 kamili anapima kivuli kilichobakiza saa nzima kufupika, na "kaskazini" anayoipata imepinda. Lakini mwalimu huyo huyo akipewa sababu, amepata somo zuri kuliko yote la longitudo na saa: watoto wake wamepima kwa mikono yao kwamba Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu nyuzi 10, maana tofauti ya adhuhuri, yaani wakati jua linapofika kilele, ni karibu dakika 40.

Tatu, kivuli cha adhuhuri hakielekei upande mmoja mwaka mzima. Dar es Salaam jua hupita utosini karibu na Oktoba 11 na Machi 3. Kati ya Oktoba na Machi liko kusini na kivuli cha adhuhuri kinalala kuelekea kaskazini. Miezi mingine ni kinyume chake. Kwa kigingi chetu cha sentimita 50, Desemba kivuli cha adhuhuri kina takriban sentimita 15 kuelekea kaskazini, na Juni sentimita 29 kuelekea kusini. Kanuni ya kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini imetoka kwenye nchi zilizo kaskazini ya Tropiki ya Kansa, na huko ni sahihi. Hapa kwetu inapotosha nusu ya mwaka. Bukoba siku za jua la utosini ziko katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kilwa ni karibu Februari 25 na Oktoba 16. Tunaiomba Taasisi ya Elimu ichapishe katika kiongozi cha mwalimu jedwali la ukurasa mmoja: kila mkoa, saa ya adhuhuri ya jua kwa kila mwezi, na tarehe mbili za jua la utosini. Hesabu zake ni za siku moja kwa mtaalamu, na zitamsaidia mwalimu miaka yote, kwa kuwa hazibadiliki kwa namna inayoonekana kwa kigingi.

Pande za dunia zikishajulikana, chora mstari wa kaskazini kwa saruji au chokaa kwenye sakafu ya darasa au baraza, ubaki hapo. Kuanzia siku hiyo ramani isitundikwe kabla haijalazwa chini na kugeuzwa mpaka kaskazini yake ifuate mstari huo. Watoto wasimame kuizunguka, kila mmoja aoneshe kwa mkono ulipo mji, mto au ziwa, kwanza kwenye ramani, kisha huko nje kwa uelekeo wake wa kweli. Ramani iliyolazwa inaondoa dhana kwamba kaskazini ni juu na kusini ni chini, dhana inayomfanya mtoto ashindwe kuelewa Mto Nile unawezaje kutiririka kuelekea kaskazini. Dakika 10 za kazi hii kila wiki katika Darasa la Tatu na la Nne zinatosha.

Kipimio, yaani ramani imeipunguza ardhi mara ngapi, ndicho kinachowashinda wengi, na sababu yake tunaijua: kinaanza kufundishwa kwa uwiano, yaani 1:50,000, kwa mtoto ambaye hajawahi kupunguza kitu chochote kwa mkono wake. Utaratibu tunaoupendekeza unaanza na mwili. Pimeni mita 50 uwanjani. Kila mtoto aitembee mara tatu kwa mwendo wake wa kawaida, ahesabu hatua, achukue wastani. Mtoto aliyetumia hatua 90 ana hatua ya takriban sentimita 56. Watoto hurefusha hatua wanapotazamwa, kwa hiyo safari ya kwanza iwe ya mazoezi, isihesabiwe. Kwenye mteremko hatua hubadilika, basi pimeni kwenda na kurudi.

Kisha kamba. Kamba ya mita 20 yenye alama kila mita 1 inatosha kundi la watoto wanane. Mafundo hayafai, kwa sababu kila fundo linakula kamba. Ukipima kwanza na kufunga baadaye, mita yako ya mwisho imepotea njiani. Funga vipande vya kitambaa chenye rangi au tumia wino usiofutika. Kamba ya katani hufupika ikilowa, ya nailoni huvutika ikikazwa. Pimeni upya kila muhula kwa futi ya chuma ya fundi. Kosa jingine la kamba ni kuilegeza katikati au kuipindisha kukwepa mti. Kipimo huwa kirefu kuliko ukweli, hakiwi kifupi, na watoto wakigundua hilo wenyewe watajua wamtafute nani aliyelegeza.

Darasa la Tatu wasiandikiwe uwiano. Waambiwe: sentimita 2 daftarini badala ya mita 1 sakafuni. Chumba cha mita 7 kwa 9 kinakuwa sentimita 14 kwa 18, na kinaingia kwenye ukurasa wa daftari. Waweke mlango, madirisha, ubao na madawati kama yanavyoonekana na ndege anayepita juu. Wengi watachora dawati lenye miguu na mlango uliosimama, yaani watachora wanachokiona wakiwa wamekaa. Dawa yake ni kuweka kiberiti, kikombe na daftari mezani, watoto wasimame na kuvitazama kwa juu, wazungushie penseli pembeni mwake, kisha waondoe vitu hivyo na kutazama alama zilizobaki. Darasa la Nne wapime kiwanja cha shule. Kiwanja cha mita 120 kwa 80, kwa sentimita 1 badala ya mita 10, kinakuwa sentimita 12 kwa 8. Ndipo Darasa la Tano wapewe uwiano, na waoneshwe kwamba michoro yao ya zamani ilikuwa 1:50 na 1:1,000.

Baada ya hapo mtoto afuate shule yake inavyopungua. Kwenye ramani ya 1:50,000 ya Idara ya Upimaji na Ramani, ambako sentimita 1 ni mita 500, kiwanja hicho kina milimita 2.4 kwa 1.6. Kwenye ramani ya ukutani ya 1:2,000,000, ambako sentimita 1 ni kilomita 20, shule haionekani kabisa, na nchi nzima kutoka kaskazini hadi kusini, karibu kilomita 1,200, ni sentimita 60. Mtoto aliyepita ngazi hizo anajua kwa nini kijiji chake hakimo kwenye ramani ya Tanzania. Asiyezipita anadhani kimesahaulika.

Kuhusu kubadili vipimo, kosa linalojirudia ni kuandika kwamba sentimita 1 kwa kilomita 1 ni 1:1,000. Mtoto amekumbuka kuwa kilomita ina mita 1,000 akasahau kwamba pande zote mbili za uwiano lazima ziwe na kipimo kimoja. Aandike ngazi zote kila mara: kilomita 1, mita 1,000, sentimita 100,000. Njia za mkato zingoje.

Hapa tuna neno kwa Baraza la Mitihani na kwa wote wanaotunga mitihani ya mkoa, wilaya na kata. Ramani inapopunguzwa kwenye mashine ya kunakili, kipimio cha uwiano kinakuwa cha uongo. Ramani ya 1:50,000 iliyotolewa kwenye karatasi ya A3 ikapunguzwa hadi A4 imekuwa takriban 1:71,000. Mtoto anayepima kwa rula na kukokotoa vizuri atapata jibu ambalo halilingani na ardhi. Kipimio cha mstari, yaani mstari uliochorwa kwenye ramani na kugawanywa kwa umbali wa ardhini, hupungua pamoja na ramani, kwa hiyo hubaki kweli. Kila ramani ya mtihani iwe na kipimio cha mstari, na swali la umbali lijibiwe kwa uzi au ukingo wa karatasi uliolinganishwa na mstari huo. Hili halina gharama yoyote.

Tuje kwenye mvua. Kila shule inaweza kuwa na kipimamvua wiki ijayo. Chupa ya maji ya lita 1.5 yenye mwili ulionyooka ikatwe pale mabega yanapoanza, kipande cha juu kigeuzwe kiwe faneli, kingo zote mbili zibanwe kwa gundi ya karatasi. Chini ya chupa kuna mabonde. Weka kokoto, kisha jaza maji hadi juu ya mabonde na uchore mstari wa sifuri. Kwa chupa yenye kipenyo cha sentimita 9, kila milimita 1 ya mvua ni mililita 6.4, kwa hiyo bomba la sindano la mililita 10 au 20, jipya, bila sindano yake, linatoa kipimo kizuri kuliko kusoma rula pembeni ya plastiki. Chupa ifungwe kwenye nguzo fupi, mdomo uwe sentimita 30 kutoka ardhini, mbali na jengo au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake. Kipimamvua kilichowekwa chini ya mchirizi wa paa au chini ya mwembe hakipimi mvua ya mahali hapo.

Isomwe kila siku saa 3 asubuhi, saa ile ile inayotumiwa kwenye vituo vya hali ya hewa, na mvua iliyosomwa iandikwe kwa tarehe ya jana. Baada ya kusoma, maji yamwagwe na yale ya sifuri yarudishwe hadi mstarini, maana hukauka kwa jua. Tatizo kubwa la kumbukumbu za shule ni Jumamosi na Jumapili. Watoto huandika 0, na Jumatatu wanaandika milimita 38 kana kwamba zote zimenyesha siku moja. Wafundishwe tofauti ya sifuri na "haikupimwa". Siku zisizosomwa zipigwe mstari, na jumla iandikwe kwamba ni ya siku tatu. Somo hilo la ukweli wa takwimu lina thamani kwetu kuliko grafu nzuri iliyochorwa kwa namba za kubuni, na tunajua grafu za namna hiyo zinachorwa.

Kutoka hapo hesabu inakuwa ya maisha. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la darasa la mita 7 kwa 9 likipokea milimita 20 limepokea lita 1,260. Tangi la lita 5,000 linahitaji karibu milimita 80 kujaa kutoka paa hilo, na zaidi kidogo kwa sababu ya maji yanayopotea kwenye mifereji. Darasa la Sita lenye kumbukumbu za miaka mitatu, walizorithi kwa madarasa yaliyopita, linaweza kumwambia mwalimu mkuu tangi litajaa mwezi gani.

Kumbukumbu hizo pia zitarekebisha kosa la kufundisha nchi nzima kwamba ina masika na vuli. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba ni ya pwani ya kaskazini, nyanda za juu za kaskazini mashariki na kanda ya Ziwa Victoria. Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya, Ruvuma, Mtwara na mikoa mingine ina msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mtoto wa Songea anayejibu mtihani kwamba mvua ni za vuli na masika amejibu tofauti na anachokiona dirishani, na akilazimika kuchagua anafuata kitabu.

Somo la mito lifundishwe kwa swali moja: maji ya mvua iliyonyesha kwenye paa letu yanakwenda wapi? Watoto wayafuate kwa miguu hadi mfereji, korongo au kijito kilicho karibu, kisha kwa kidole kwenye ramani. Jibu linatofautiana mno, na ni utajiri wa nchi yetu. Maji ya Musoma yanaingia Ziwa Victoria na kutoka kwa Nile hadi Bahari ya Mediterania. Ya mashariki ya Tabora yana njia tofauti na ya magharibi. Yanayoingia Mto Ugalla yanakwenda Malagarasi, Ziwa Tanganyika, Mto Lukuga, Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Ya Iringa yanashuka Ruaha Mkuu hadi Rufiji na Bahari ya Hindi. Ya Kyela yanaingia Ziwa Nyasa, yanatoka kwa Shire hadi Zambezi. Na ya Mto Bubu yanaishia bonde la Bahi, hayafiki bahari yoyote. Hakuna orodha ya mito itakayokaa kichwani mwa mtoto kama safari moja ya maji ya paa la shule yake.

Kazi hiyo ina uzito mwingine. Desemba 3, 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya Katesh, watu wengi wakapoteza maisha. Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam hufurika mara kwa mara. Hatudai kwamba ramani ya mtoto ingezuia maafa hayo. Tunasema kwamba kila darasa lichore njia za maji za eneo lake, liweke alama ya sehemu za chini, makorongo makavu na njia ya kupandia mahali pa juu, na nakala moja ibandikwe ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa.

Upepo tuupitie kwa kifupi. Mshale wa kipimaupepo lazima uwe na mkia mpana kuliko kichwa, la sivyo hugeuka kinyume, na kichwa huonesha upepo unakotoka. Watoto wa pwani wana Kaskazi na Kusi tayari. Waanze na hizo, kwa kuwa majina yenyewe yanasema upepo unatoka wapi.

Kwa mtoto asiyeona, ramani ya kamba iliyogundishwa kwenye ubao inatosha kuanzia: mpaka kwa kamba nene, mito kwa uzi, maziwa kwa kitambaa laini, milima kwa mchanga uliochanganywa na gundi. Ramani hiyo hiyo wanaiomba na wanaoona.

Sasa vifaa. Ramani nyingi zilizotundikwa shuleni ni za kabla ya mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu iliyoanzishwa 2012 na Songwe ya 2016. Nyingine hazina hata Sudan Kusini, taifa tangu 2011. Hatuombi kila shule inunuliwe atlasi mpya kila mwaka. Tunaomba kila shule ipewe ramani moja ya kata yake. Kata yenye kilomita 8 kwa 11 inaenea kwenye karatasi ya A0, sentimita 84 kwa 119, kwa kipimio cha 1:10,000. Ichapishwe kwenye turubai la mabango, kwa kuwa karatasi haivumilii muhula mmoja wa kulazwa sakafuni, na iandikwe mwaka iliyotengenezwa. Taarifa zipo: Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitenga maeneo ya kuhesabia watu kwa Sensa ya 2022, na mwaka huo huo mitaa na nyumba ziliwekewa anwani za makazi. Kazi iliyobaki ni ofisi hizi na idara za ardhi za halmashauri kukaa meza moja na kuondoa yasiyopaswa kuonekana hadharani.

Ratiba nayo iguswe. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi kupanga watoto 80 katika makundi kumi, kutoka nje, kupima, kurudi na kuandika. Dakika 15 huishia mlangoni. Vipindi viwili mfululizo mara moja kwa wiki vinatosha, bila kuongeza muda wa somo. Na mdhibiti ubora anayefika shuleni na kukuta darasa tupu kwa kuwa watoto wako uwanjani na kamba, aende uwanjani kabla ya kuandika taarifa yake.

Lakini haya yote yatabaki kwenye karatasi kama mtihani hautabadilika, kwa sababu mwalimu anafundisha kinachopimwa, na mzazi anauliza alama. Swali la "mlima mrefu kuliko yote Afrika ni upi" linapima kumbukumbu tu. Mpeni mtoto ramani ndogo ya kijiji yenye kijito, barabara, mistari miwili ya kontua (inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) na kipimio cha mstari, kisha muulizeni: kutoka shuleni hadi kisimani ni mita ngapi kwa kufuata barabara? Kijito kinatiririka kuelekea upande gani, na umejuaje? Zahanati ijengwe kwenye alama A, B au C ili isifikiwe na mafuriko? Maswali kama hayo yanaweza kuwa ya kuchagua na yakasahihishwa kwa mashine kama yalivyo mengine. Mtoto aliyekariri hatayaweza. Aliyepima uwanja wake atayaweza hata kama mwalimu wake hakuwa na projekta wala kompyuta.

Tunaomba pia alama za upimaji wa shuleni zihesabu vitu vitatu: mchoro wa kiwanja uliopimwa, daftari la mvua la angalau miezi mitatu, na ramani ya njia za maji. Vyuo vya ualimu vimtake kila mwanachuo afanye kazi hizo tatu mwenyewe kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha.

Kwa kuanza tunapendekeza halmashauri nne: moja ya pwani ya kaskazini, moja ya kanda ya Ziwa Victoria, moja ya Dodoma au Singida, na moja ya Ruvuma, ili misimu yote ya mvua iwemo. Vipimamvua viwe vimesimikwa kabla ya Oktoba mosi. Tarehe hiyo itawahi vuli kwa zinazoipata na msimu wa Novemba kwa zile nyingine, na mistari ya kaskazini ichorwe Septemba, wakati mawingu bado ni machache. Maelezo ya vifaa, michoro na mfano wa jedwali la adhuhuri tuko tayari kuyawasilisha kwa Taasisi ya Elimu wakati wowote tutakapoitwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Walimu na wakufunzi wa Jiografia na Mazingira